Nilivyobadilisha stata ya Perkins 4.236 kwenye boti ya dagaa

Perkins 4.236 si injini ya hendeli. Injini za Lister za zamani zikigoma unafungua dikompresheni, yaani kile cha kuachia pumzi ya silinda, unatia hendeli, mnapokezana na baharia mpaka ikubali. Hii ni silinda nne, lita 3.86, kompresheni 16 kwa 1. Hata ungepata pa kushika, hakuna mkono wa binadamu utakaoizungusha ikawaka. Stata, ile mota ya umeme inayoizungusha injini mpaka iwake, ikikataa, mmelala baharini.

Kwa hiyo nahodha wangu alikuwa haizimi. Boti inafika kwenye dagaa, nanga inashuka, taa zinawashwa na jenereta yake, na Perkins inaachwa inanguruma taratibu usiku kucha kwa sababu hana hakika kama itawaka tena alfajiri. Nilipomuuliza habari ya dizeli akanijibu, "Tajiri, dizeli inanunulika. Kuvutwa na boti ya mwenzio mchana kweupe mbele ya soko zima, hiyo ndiyo ghali." Mtu mzima huyo, sikubishana naye.

Dalili zilikuwa hizi: asubuhi ukigeuza swichi unasikia ta-ta-ta, ukirudia inazunguka kwa uzito, na kwenye ekzosi unatoka moshi mweupe. Kijiweni hapa Tanga kila mtu ana injini yake kichwani. Mmoja alisema nozeli, mwingine pampu, wa tatu akataka nifungue injini yote kwa madai kwamba ringi zimekwisha. Mimi niling'ang'ania ule moshi. Moshi mweupe wakati wa kupiga stata ni dizeli iliyofika kwenye silinda isiungue, kwa hiyo pampu inatuma na nozeli zinapitisha. Tena ikishawaka ilikuwa inafanya kazi safi, haina moshi, haipungui nguvu. Dizeli haina plagi ya cheche, inawashwa na joto la hewa iliyobanwa. Hewa ikibanwa polepole, joto lake linaishia kwenye kuta za silinda na pumzi nyingine inapenya pembeni ya ringi. Injini hii ikipata kasi, kwa joto letu la pwani, haihitaji kupashwa kitu. Ile Thermostart, kifaa cha kupasha hewa kilichofungwa kwenye manifoldi inakoingilia hewa, ni kwa ajili ya watu wa baridi.

Kwa hiyo nilishuku kasi ya stata na umeme wake. Kabla sijanunua hata nati nilikwenda na mita. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, nzima. Nikamwambia baharia apige stata huku nimegusisha mita kwenye vichwa vya betri: 11.1. Nikahamia kwenye nguzo mbili za stata yenyewe, akapiga tena: 8.3. Karibu volti tatu zinapotelea kwenye waya! Stata gani itazungusha injini kwa chakula hicho? Nilipoichana ngozi ya waya wa hasi kwa kisu, shaba ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani, shubiri nzima kutoka kwenye kichwa chake. Kwa nje waya ulikuwa mweusi, unang'aa, hauna dosari. Maji ya chumvi huingilia kwenye kile kichwa kisichozibwa, yakapanda taratibu ndani ya nyuzi, na hutajua mpaka uchane.

Stata nayo ilikuwa na yake. Ni Lucas ya zamani, pande la chuma la kubeba kwa mikono miwili, limefungwa chini kabisa ubavuni mwa injini, na maji ya ekzosi yalikuwa yakilidondokea kutoka kwenye kiwiko kilichokuwa kinavuja. Tulipoifungua, bushi ya mbele ilikuwa imeliwa, amecha, kile kiini kinachozunguka, inakwangua ndani, na kaboni zinazoipelekea umeme zimebaki vipande. Fundi wa kusuka stata mjini aliniambia inarudi, lakini nimwachie. Sikuwa na muda wa kumwachia.

Hapo ndipo injini ya kale inapokuwa na faida yake. Perkins 4.236 ilitoka Peterborough, Uingereza, mwaka 1964, wakati Perkins tayari ilikuwa mali ya Massey Ferguson, walioinunua mwaka 1959. Injini hiyohiyo ndiyo iliyowekwa kwenye trekta la Massey Ferguson 175. Na mkoa huu wa mkonge matrekta ya Massey hayakosekani shambani, wala vipuri vyake dukani. Ukiuliza stata ya boti utaambiwa iagizwe nje usubiri. Ukiuliza stata ya Massey, kijana anapanda ngazi anaishusha kutoka kwenye rafu. Nilikwenda na ile kongwe kwenye gunia, tukaziweka sambamba juu ya kaunta: matundu matatu ya bolti, meno kumi ya pinioni, ile gia ndogo ya stata inayoisukuma injini, upande wa kuzunguka, na urefu kutoka kwenye flanji, uso unaofungwa kwenye injini, hadi ncha ya pinioni. Hicho cha mwisho watu hukisahau, na ndicho kinachoharibu meno. Nikachukua aina ya gia, ambayo mota yake ni ndogo, inazunguka kwa kasi sana, kisha gia za ndani zinageuza kasi kuwa nguvu. Ni nyepesi, na haili betri kama ile kongwe.

Kazi niliipanga mbalamwezi pevu. Wavuvi wa dagaa mnajua, mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, boti zinapumzika. Na mwezi mkubwa ndio bamvua, maji yanatoka mbali, boti inakaa mchangani imetulia. Kulala ubavu chini ya injini huku boti inayumba ni adhabu nisiyomwombea mtu.

Waya wa hasi wa betri ndio unaotoka kwanza, kabla spana haijaingia popote karibu na stata. Bolti za Perkins hizi ni za inchi, si za milimita. Spana ya milimita inayokaribia itaingia, itateleza, na kichwa cha bolti kitabaki duara. Bolti ya chini ilikuwa imeshikana na kutu. Tuliimwagia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, tukaipashia moto, ikaachia kwa mlio uliomfanya baharia afikiri imekatika.

Stata ikiwa nje, lile tundu ni dirisha la kuangalia ringi gia ya flaiwili, yaani meno ya gurudumu zito la injini ambayo pinioni huyashika, na nafasi hiyo haipatikani mara nyingi. Niliweka spana kubwa kwenye nati ya puli ya mbele, nikawa nazungusha kidogokidogo, baharia anamulika kwa tochi na kutia chaki kila penye jino bovu. Kama nilivyotarajia, ubovu ulikuwa sehemu mbili tu, zinazotazamana. Silinda nne zikizimwa husimama karibu palepale, mahali pawili, kwa hiyo pinioni inagonga meno yaleyale miaka nenda miaka rudi. Yalikuwa yamelika kwenye kona, bado yana mwili. Nikayapitisha tupa kidogo kutoa vinundu. Dawa yenyewe ni kushusha giaboksi, kuipasha moto ringi gia na kuigeuza, lakini hiyo ni kazi nyingine.

Tofauti kubwa kati ya stata ya trekta na ile ya boti iko kwenye umeme. Ile Lucas ilikuwa na nguzo mbili, chanya na hasi, na bodi yake haikuguswa na umeme kabisa. Ya trekta ina nguzo moja ya chanya, hasi inapita kwenye bodi na chuma cha injini. Fundi mmoja alinishauri nifunge waya wa hasi kwenye mguu wa injini kama wanavyofanya kwenye magari. Nikakataa. Mguu una rangi, kutu na mpira. Niling'arisha flanji na uso wa injini kwa msasa mpaka chuma cheupe, nikafunga waya wa hasi kwenye bolti ileile inayoshika stata, nikapaka grisi juu ya kila kitu baada ya kukaza, si kabla. Halafu nikaweka swichi kuu ya kukata betri, na ni sharti izimwe boti ikifunga. Sasa chuma cha injini kimeungana na betri wakati wote, na ndani ya maji ya chumvi umeme ukizagaa utakula shafti na propela. Zinki nazo, zile zinazoliwa badala ya shafti na propela, nilibadilisha.

Waya nilinunua wa kuchomelea, milimita za mraba 70. Nyuzi zake ni nyembamba, unapinda vizuri, ila mpira wake haupendi mafuta, kwa hiyo niliuvika bomba. Vichwa vilibanwa kwa mashine ya hidroliki dukani, si kwa nyundo, na kila kimoja kikazibwa kwa mpira wa kusinyaa unaoyeyusha gundi ndani. Betri nikaisogeza karibu na injini. Waya wa shaba ni ghali, na ukifupisha njia umepunguza bei na hasara kwa pamoja.

Ile ta-ta-ta ilikuwa na sababu nyingine ndogo. Waya mwembamba wa solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyo juu ya stata, ulikuwa unatoka betri, unakwenda mpaka kwenye swichi ya nahodha, unarudi tena kwenye injini, na ukifika umechoka. Niliweka relei ya gari, swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, karibu na stata: mguu wa 30 unachukua moto wa betri kupitia fyuzi, wa 87 unakwenda kwenye solenoidi, wa 86 ndio unaopokea amri ya swichi, wa 85 unakwenda hasi. Ni kitu cha bei ya soda chache, na ningekifunga hata kama ile stata kongwe ingekuwa nzima.

Maji yalipojaa boti ikaelea, tukajaribu. Kwanza nilifunga koki ya maji ya bahari. Ukipiga stata muda mrefu bila injini kuwaka, pampu inaendelea kuleta maji, ekzosi haina pumzi ya kuyasukuma nje, yanajaa na mwisho yanarudi ndani ya silinda. Nikazungusha kwanza huku baharia amevuta kizimio, kinachokata dizeli, ili oili ipande, nikasoma mita: 11.2 kwenye betri, 10.8 kwenye stata. Baharia akaachia kizimio, nikageuza swichi, injini ikawaka kabla sijaamua niiachie lini. Koki ikafunguliwa hapohapo, maana mpira wa pampu ukizunguka mkavu haukawii kuungua.

Juu ya stata nimefunga kofia niliyokata kwenye dumu la plastiki, kuzuia matone, na kiwiko cha ekzosi kimebadilishwa. Ile Lucas iko kwa fundi wa kusuka, ikitoka inakaa akiba ndani ya ndoo yenye mfuniko. Nahodha sasa anazima injini nanga ikishuka, ingawa usiku wa kwanza aliniambia aliiwasha mara mbili kujaribu tu. Ringi gia itangoja siku tutakaposhusha giaboksi, na nahodha kashanionya siku hiyo isiangukie kwenye giza, wakati dagaa wanapovuliwa.