Kabla ya kununua membreni, pima mteremko wa slabu

Slabu za juu za nyumba nyingi za kupangisha hapa Kisumu, kuanzia Mamboleo hadi Nyamasaria, humwagwa bapa kabisa. Mvua ya jioni ikipiga, maji yanatuama na kubaki pale hadi kesho yake. Konkriti ina vitundu na nyufa nyembamba kama unywele, na maji yakipewa muda yatazipata zote. Mwenye nyumba anakimbilia duka la vifaa, ananunua rangi ya kuzuia maji, anapaka. Mvua za Machi zikirudi, doa liko palepale kwenye dari.

Panda juu na ndoo ya maji, umwage, utazame yanakoelekea. Yakisimama, kazi ya kwanza ni skridi ya mteremko, yaani tabaka la mota linalotandazwa juu ya slabu ili maji yashuke. Kiwango cha chini ninachokubali ni 1 kwa 80, yaani sentimita 5 kwa kila mita 4. Chukua paa la mita 10 kwa 8, lenye kilele katikati na maji yakishuka pande mbili: skridi ianze na milimita 40 kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji, ifike 90 kileleni. Hiyo ni wastani wa milimita 65, takriban mita za ujazo 5.2. Kwa mchanganyiko wa simiti 1 na mchanga mkavu wa mto 4, andaa karibu mifuko 40 ya simiti ya kilo 50. Uzito wake ni kama kilo 130 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mhandisi aulizwe kabla hata toroli moja haijapandishwa. Mwagilia maji siku 7, kisha uache ikauke.

Kukauka ndiko kunakowashinda wengi. Membreni ya lami, yaani karatasi nene ya kuzuia maji inayobandikwa kwa moto, haishiki mahali penye unyevu. Jua likipiga, mvuke hujaa chini yake na kuifanya ivimbe kama andazi. Jioni, bandika karatasi ya nailoni ya mita 1 kwa mita 1 juu ya skridi, ufunge kingo zote kwa selotepu. Asubuhi ukikuta matone upande wa chini, ngoja. Ndiyo maana Januari na Februari ni miezi mizuri ya kazi hii. (Dawa ya kupaka yenye simiti, ile ya bafu na balkoni ndogo, inataka kinyume chake: sakafu ilowe bila maji kutuama, kisha upake matabaka mawili, la pili likikatana na la kwanza, jumla kama milimita 2. Ukiipaka penye vumbi kavu inabanduka kama magamba.)

Kwenye kona ambapo slabu inakutana na ukuta wa ukingo, jaza mota upate mshazari wa milimita 50 kwa 50. Membreni ikikunjwa kwa pembe kali hupasuka, na paa nyingi huanza kuvuja hapo au kwenye shingo ya bomba, mara chache katikati. Paka praima ya lami (rangi ya kwanza ya kuishikisha membreni), lita 20 hadi 25 kwa paa hili, ikauke mpaka isinate kidoleni.

Roli ya membreni yenye unene wa milimita 4 ina upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, lakini ukitoa mapishano, pale roli moja inapolalia nyingine, hufunika takriban mita 8.8 za mraba. Pamoja na kupandisha ukutani, paa letu linahitaji roli 11. Anza upande wa chini, kwenye mdomo wa bomba, kisha endelea kupanda kuelekea kileleni, ili kila roli ilalie ya chini yake kama mabati. Mapishano ya ubavuni yawe milimita 100, ya mwishoni 150, na ya mwishoni yasipangwe kwenye mstari mmoja. Moto uyeyushe lami mpaka ichuruzike kidogo kwenye kiungo. Isipochuruzika, kiungo hakijashika; ukizidisha moto, kitambaa cha ndani kinaungua. Kiungo kikipoa, pitisha ncha ya mwiko: ikipenya, pasha tena.

Ukutani membreni ipande angalau milimita 150, na ncha yake iingie kwenye mfereji uliochongwa wa milimita 25, kisha uuzibe. Fundi akiiacha ncha wazi, maji yanateremka nyuma yake. Kichwa cha ukuta nacho kifunikwe kwa kifuniko chenye mteremko wa kuelekea ndani, la sivyo maji hupitia matofalini na lawama zote huangukia membreni.

Jaribio: ziba mabomba, jaza maji ya sentimita 3 hadi 5 kwa saa 24 hadi 48. Kwa sababu ya mteremko, fanya sehemu kwa sehemu ukizuia kwa mifuko ya mchanga. Weka ndoo ya maji kando. Kina kikipungua zaidi ya cha ndoo, hilo si jua. Chini, kagua hasa matundu ya taa: maji hufuata mabomba ya nyaya na kutokea mita kadhaa kutoka penye tundu, na hapo zima umeme kwanza.

Vikalio vya tangi vijengwe kabla ya membreni, kwa maana tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Dishi la televisheni na nguzo za kamba za nguo zifungwe kwenye ukuta kwa nje. Kila skrubu inayotobolewa sakafuni baada ya kazi ni tundu jipya, na mpangaji huitoboa bila kumwambia mtu.