Biriani iliyoniponza Dubai

Shemeji yangu amekwenda Dubai kuchukua mzigo mara zisizohesabika, kwa hiyo nilipomwambia nina siku tatu za kutembea huko alicheka. "Kule ni maduka na joto tu, shemeji. Nenda jangwani ukapande gari, basi. Na ule vizuri kabla, chakula chao wanatoa usiku."

Nikala. Biriani ya mbuzi, sahani imefurika, na mtindi juu yake. Saa tisa alasiri Land Cruiser ikaja kutuchukua, abiria sita. Tulipofika kwenye mchanga dereva akashuka na kuanza kutoa upepo tairi moja baada ya jingine. Mimi nikadhani tumepata pancha, kumbe tairi ikilegea hutandaa, haizami. Kisha akaanza kazi. Gari linapanda kilima mpaka kiooni unaona mbingu tupu, halafu pua inainama na tumbo lako linabaki juu. Kilima cha kwanza nilipiga vigelegele. Cha pili nikanyamaza. Cha tatu biriani ikaanza kuuliza njia ya kutokea. Mama mtu mzima aliyekaa pembeni yangu, bila hata kunitazama, akanipa mfuko wa plastiki. Nadhani alikuwa ameuweka tayari tangu aliponiona napanda. Mfuko haukutosha. Nilimalizia nje, nyuma ya gari, jua likizama na wenzangu wakipiga picha za machweo. Bila shaka nimo kwenye simu za watu nisiowajua, nimeshika magoti. Chakula cha usiku kilipoandaliwa kambini niliambulia chai ya rangi. Nililipa dirhamu mia na hamsini hivi kwa starehe hiyo. Ukienda, omba kiti cha mbele, na mchana kula tende mbili tatu tu.

Ilikuwa Agosti, nyuzi zaidi ya 40, kwa hiyo siku zilizobaki niliishi kama popo: natoka alfajiri, najificha, natoka tena jua likikaribia kuzama.

Hotelini walinishawishi ninunue chakula cha usiku ndani ya boti yenye mataa. Nikakataa, nikashuka kwenye gati ya abra pale Deira. Abra ni boti ndogo za mbao zinazovusha watu kwenye Khor, ule mkono wa bahari unaokata mji, na nauli ilikuwa dirhamu moja. Nikavuka kwenda Bur Dubai, nikarudi, nikavuka tena. Mara ya tano nahodha akawa ananisalimia. Kando ya Deira majahazi yamefungwa ubavu kwa ubavu, shehena ikisubiri: friji, magodoro, tairi. Dirhamu tano, na tumbo limetulia.

Ng'ambo ya Bur Dubai ndiko iliko Al Fahidi, mitaa ya zamani yenye minara ya upepo. Mnara uko wazi pande nne, unanasa upepo wowote unaopita na kuushusha chumbani. Nilisimama chini ya mmoja nikiwa na jasho na kweli kalipita kaubaridi. Lakini kilichonishika ni dari. Nilitazama juu nikaona boriti! Mikoko ileile ya pwani yetu, iliyokuwa ikipakiwa majahazini kwenda Ghuba kujengea nyumba. Mlinzi alinikuta nimekodoa macho kama niliyekutana na ndugu.

Burj Khalifa sikupanda. Mita 828 zinaonekana vizuri zaidi ukiwa chini, na tiketi ya saa za machweo ni ghali kuliko ya saa nyingine. Usiku chemchemi zinacheza mbele yake bure. Nilikwenda kwa metro, na hapo wanaume angalieni sakafu: mstari wa waridi maana yake behewa la wanawake na watoto, ukivuka ni faini ya dirhamu 100. Mimi niliokolewa na dada mmoja aliyeninyooshea kidole.

Shemeji hajawahi kusikia habari za Al Fahidi. Hoteli anayofikia miaka yote iko Deira, ng'ambo tu ya pale, mwendo wa dirhamu moja.