Boma la Mjerumani na shimo la mjomba

Ukikataa kulala mchana pale kwetu Tabora, bibi alikuwa na neno moja tu: "Utapelekwa Bomani." Hakuhitaji kueleza zaidi. Sote tulilijua lile jengo la Mjerumani na kuta zake nene, na tulijua kuwa usiku wa manane minyororo hulia humo ndani. Binamu yangu aliapa kuwa ameisikia. Muongo yule, lakini tulimwamini.

Boma siku hizi liko mikononi mwa jeshi, kwa hiyo msinidai picha. Mara ya mwisho nilipita nje kwa bodaboda. Nilipogusa tu mkoba, dereva akasema, "Dada, simu usiitoe hapa." Nikatulia.

Minyororo yenyewe si hekaya. Enzi za Mjerumani mfungwa alivishwa mnyororo shingoni, akaunganishwa na wenzake kama mtungo wa samaki, wakaenda kubeba mawe na kulima barabara hivyo hivyo. Ukiacha mnyororo kulikuwa na hamsa ishirini, yaani fimbo 25 za ngozi ya kiboko. Babu yangu mzaa mama, mtu wa reli, alilitumia neno hilo mpaka anaingia kaburini. Ukichelewa dukani: "Huyu anatafuta hamsa ishirini." Yeye mwenyewe hakuzikuta. Ila baba yake, nasikia, hakuwahi kuvua shati mbele ya watoto.

Wazee wengine mtaani walisema anayelia mle ni Mtemi Isike, mtawala wa Wanyamwezi wa Unyanyembe aliyepigana na Mjerumani. Hapo nilikuwa nakubali, siku hizi nabisha. Isike hakufungwa. Januari 1893, askari wa Tom Prince, ofisa wa Kijerumani, walipovunja ngome yake, aliingia kwenye ghala la baruti akalilipua, yeye na watu wake ndani. Wakamtoa hajakata roho vizuri, wakamtundika. Mtu aliyechagua baruti kuliko pingu leo mnamfanya mzimu wa mahabusu? Mwacheni apumzike.

Na mji huu haukufunga weusi peke yao. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza waliokamatwa katika koloni, hata wamisionari, waliwekwa kizuizini hapa Tabora. Walipata nafuu Wabelgiji, washirika wao vitani, walipoingia mjini tarehe 19 Septemba 1916.

Mwaka huo huo ndio uliowatia watu wetu wazimu. Mjerumani, akiwa amekatiwa njia ya bahari, alichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke akapiga sarafu za rupia 15 hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli. Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga. Zilipigwa elfu kumi na sita na ushee, kisha wenyewe wakakimbia. Sasa mwambie Mnyamwezi yeyote kwamba hazikufukiwa mahali!

Mjomba hakuambilika. Alimleta mzee mmoja mwenye "kipimo", waya mbili za shaba na kibuyu, na kipimo kikaonyesha nyuma ya jiko la bibi. Wakachimba usiku tatu, sisi watoto tukishika koroboi. Usiku wa tatu sururu ikalia. Mjomba akapiga magoti, akafukua kwa mikono, akatoa kipande cha mnyororo, pete nne tu, kutu tupu.

"Wa punda huo," akasema, sauti imemkauka.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake begani. "Rudisha."

"Mama, hata chuma chakavu kina bei."

"Nimesema rudisha ulikoutoa."

Aliurudisha, akafukia, na yule mzee wa kipimo akaondoka alfajiri bila hata "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi. Mahali pale bibi alipanda mpapai. Upo mpaka leo, unazaa sana, na hapo nyumbani hakuna anayeyagusa mapapai yake isipokuwa binamu yangu yule muongo. Anasema ni matamu.