Siku moja mezani kwa fundi laptop Kariakoo, na dogo aliyetaka kujijengea mashine yake

Saa 11 na nusu alfajiri. Naamka Kimara, naoga, nagombania mwendokasi, nashuka Gerezani. Hapo sina cha kusimulia, vita ya Kimara asubuhi kila mtu anaijua.

Saa 2. Nafungua ofisi. Naita ofisi lakini ni meza moja kwenye korido ya ghorofa, huku muuza makava ya simu, kule jamaa wa printa, juu yangu feni moja ambayo tunaichangia umeme wote watatu. Asubuhi wanakuja wa kawaida, windo imegoma, kibodi imemwagikiwa chai, mashine inachemka, ukiifungua feni imeziba vumbi mpaka huoni mapanga yake. Hizo nazimaliza huku napiga stori. Ndo maana watu wanaona kazi yetu ni kufungua nati na kupuliza vumbi, wanakuja muda ambao ukweli ni nati na vumbi kweli.

Saa 4 hivi akaingia dogo wa chuo na anko wake, anko mwenyewe anauza spea za magari hukohuko Gerezani. Shikamoo, marahaba, dogo akashusha begi mezani. "Fundi, nataka unisaidie kuunga laptop." Nikajua anataka kuongeza ramu, ile kumbukumbu ya muda ya mashine. Kumbe hapana bana, begini mna hausingi tupu ya inchi 15, yaani ganda la nje, mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, imefungwa na gazeti, kioo, ramu mbili, SSD ya kutunzia mafaili, feni, kila kimoja kanunua meza yake kwa kuviziavizia bei, wiki kadhaa. Binamu yake alijiunga desktop ya gemu ikatoka safi na rahisi, sasa na yeye kapiga hesabu kwamba laptop ni desktop ndogo tu.

Nikamwambia kwanza pole. Akadhani namtania.

Anko ndo akaanza, "Lakini fundi desktop si mnaunga hapahapa mteja anaona?" Tunaunga, tena kwa nusu saa. Lakini desktop ina vipimo walivyokubaliana dunia nzima, Intel walitoa vipimo vya ATX mwaka 1995 na mpaka leo matundu ya nati kwenye mazabodi ya kampuni hii yanakaa kwenye kasha la kampuni ile, pawa saplai ya yeyote inaingia, prosesa, ule ubongo wa mashine, unaichomeka kwenye soketi unafunga. Laptop hakuna kitu hicho. Kila kampuni, tena kila modeli, inachora mazabodi yake kufuata umbo la hausingi yake, hii feni kushoto, ile kulia, hii tundu la chaji liko nyuma, ile liko ubavuni.

Hakuamini. Basi nikachukua ile mazabodi nikailaza kwenye hausingi yake mbele yao. Tundu moja la nati likakaa, mengine yote hewani. Poti ya type-C ikawa inaangalia ukuta wa plastiki. Mahali pa feni pakaangukia palepale betri inapolala. Nikachomoa waya wa kioo nikamuonyesha, kioo chake ni cha pini 40, soketi ya kwenye bodi ni ya pini 30. Ukanda wa kibodi nao haufiki kwenye soketi yake, na hata ungefika, kila bodi inasoma kibodi kwa mpangilio wake, ungebonyeza A ikaja kitu kingine au isije kabisa.

Anko akapiga meza akacheka, "Yaani we mjomba umenunua injini ya Noah unataka ikae kwenye IST." Sikuongeza neno.

Ungedhani yameisha hapo. Thubutu. Dogo katoa simu, video ya Mmarekani anaunga laptop yake mezani, mbona yule kaweza? Nikaitazama yote, maana ukikataa bila kutazama wanasema fundi hajui. Ilikuwa laptop ya kampuni ya Framework. Hao walianza kuuza mwaka 2021, na kweli wana toleo unalojifungia mwenyewe, lakini unachofunga pale ni ramu, SSD, vipoti vya ubavuni na kuweka windo, mazabodi inakuja nzima, prosesa ishachomelewa kiwandani. Ni kitu kizuri sana naomba nisieleweke vibaya, bodi ikichoka unanunua ya kizazi kipya unaweka kwenye hausingi ileile. Ila Kariakoo sijaiona ikiuzwa hata meza moja. Na kuna mtu alijenga kweli kweli, anaitwa bunnie Huang, yule aliyewahi kuichokonoa mashine ya gemu ya Xbox, yeye na mwenzie Sean Cross walichora bodi yao wenyewe, Novena, mwaka 2014 wakaiuza kwa kuchangisha watu, ya laptop ilikuwa dola 1,995, na prosesa yake ilikuwa ya ARM, familia moja na za kwenye simu, gemu za dogo isingezigusa. Na hao ni mainjinia wa kuchora bodi, sio mimi na bloa yangu ya hewa moto ya kuchomelea.

Umeme ukakatika. Saa 6 hiyo. Mama mmoja wa ofisi ya mahesabu anasubiri mafaili yake nimhamishie kutoka diski inayokufa, kanuna, ananiangalia mimi, anawaangalia wale, ana haki kabisa. Wali maharage nikala nimesimama. Dogo bado yupo.

"Prosesa je, si nanunua peke yake?" Zamani ndiyo, mashine kama ThinkPad T440p ya 2013 prosesa yake unaichomoa unaweka nyingine. Sasa hivi karibu zote zimechomelewa kwenye bodi, vimipira vya risasi ya kuchomelea zaidi ya elfu chini ya kipande kidogo kuliko kiberiti, na kwenye nyingi mpya nyembamba na ramu nayo imechomelewa hukohuko. "Basi betri nitaunga mwenyewe seli za 18650, vile vibetri vya duara vya kuchaji." Hapo nikamkatalia kwa sauti mpaka jamaa wa printa akageuka. Seli za mtumba zisizolingana, huna bodi ya kuzisimamia, usiku unachaji juu ya godoro hosteli. Siungi na sikuelekezi anayeunga.

Umeme ulirudi sijui saa ngapi, saa 9 na kitu. Nikamaliza ya mama, akaondoka bila kuaga. Mgongo ushaanza kuuma, macho yanawasha kwa moshi wa risasi, na dogo kakaa kwenye stuli kainama kama aliyefiwa, nikamuonea huruma. Maana wazo lake lina njia, tatizo ni alipoanzia. Unaweza kujiungia laptop ukitumia maiti mbili za modeli moja. Nikampeleka kwa jamaa wa ghorofa ya chini anayeshusha mizigo ya mashine zilizotumika kutoka Dubai, kwenye lile rundo la zilizoumia njiani tukachambua ThinkPad T480 mbili, moja bodi nzima ila kioo kimepasuka na bawaba imeng'oka, nyingine kioo safi bodi imekufa. Zote mbili laki mbili na sitini. Ina nafasi mbili za ramu, betri mbili, ya nyuma unaichomoa hata ikiwa inawaka.

Nikamuachia bisibisi afungue mwenyewe. Tukahamisha mfuniko mzima na bawaba zake, tukasafisha, tukaweka pesti mpya ya kupoza prosesa. Kwenye begi lake kilichookoka ni SSD na ramu moja, ile nyingine ilikuwa DDR3, ya kizazi cha zamani, haingii, tobo lake liko pengine. Bodi ya gazeti na hausingi atafute mteja.

Ikawaka. Giza lishaingia, muuza makava kashafunga. Dogo anacheka peke yake anaingia BIOS, zile settings za mashine kabla ya windo, anatoka.

Anko kauliza ufundi kiasi gani. Nikasema elfu sitini. "Sitini! Fundi si umefungua nati tu? Tena kafungua yeye." Nikamuuliza, wateja wako pale Gerezani wakikwambia nati tu unawajibuje? Akanitazama, akacheka, akasema nitaje namba ya lipa, nikapokea hamsini.