Nilivyopima kama madarasa ya ziada yanawasaidia wanauchumi wetu

Kwenye vikao vya idara swali lilikuwa lile lile kila mwaka: haya madarasa ya jioni ya hesabu kwa mwaka wa kwanza wa uchumi yana faida, au tunatwanga maji kwenye kinu? Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Moshi, na kazi ya kutafuta jibu niliangushiwa mimi.

Jedwali la kwanza lilichekesha. Waliohudhuria walikuwa na alama za chini kuliko wasiokanyaga kabisa. Mwenzangu akasema, "Basi tuyafute, yanawaharibu." Lakini wanaohudhuria ni akina nani? Wengi ni waliotoka HGE (mchepuo wa sekondari wa Historia, Jiografia na Uchumi, usio na Hesabu kama somo kuu), wanaokutana na kalkulasi na jasho likiwatoka. Wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu) aje kufanya nini? Tena hata kati ya hao dhaifu, anayejitokeza jioni ni mwenye bidii, ambaye pengine angefaulu bila sisi.

Kulinganisha alama za mtu kabla na baada nako kuna mtego wake. Aliyeanguka sana mara ya kwanza kwa kawaida hupanda kidogo mara ya pili, asaidiwe asisaidiwe. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliandika jambo la namna hiyo mwaka 1886, akitazama urefu wa wazazi na watoto wao.

Njia niliyoifuata ilitumiwa na Donald Thistlethwaite na Donald Campbell mwaka 1960 huko Marekani, walipopima athari za tuzo za masomo. Wiki ya kwanza wote walifanya jaribio moja. Chini ya alama 40, unaalikwa jioni. Kuanzia 40, hualikwi, kwa kuwa chumba chenyewe ni kimoja. Mwenye 38 na mwenye 41 karibu ni mtu yule yule, kwa hiyo hao wa pembeni ya mstari ndio niliowalinganisha kwenye mtihani wa mwisho wa muhula. Nilimhesabu kila aliyealikwa, hata wale wanaoishi mtaa wa Pasua waliokuwa wakiwahi daladala kabla ya kipindi kuisha. Ukiwatoa hao, unarudi kule kule kwenye bidii. Na aliyeacha chuo katikati sikumfuta kwenye orodha.

Kwenye hesabu, walioalikwa waliwapita kidogo wenzao wa juu ya mstari, na waliopata sapu (mtihani wa marudio) walipungua. Kwenye somo la uchumi mdogo (maikro) sikuona tofauti yoyote, jambo lililomkera mkuu wa idara. Watu karibu na mstari ni wachache, hivyo nilikataa kumpa tarakimu moja. Nilimpa kiwango cha chini na cha juu, akaguna.

Madarasa yamebaki. Sharti langu lilikuwa kwamba alama ya kikomo isitangazwe mpaka jaribio limeshasahihishwa, maana wanafunzi wetu wakiijua mapema, wapo watakaojiangusha makusudi waingie na wapo watakaokopi wasiitwe.