Siku kumi za kumwangalia Bosi

Jumamosi moja jioni, mwaka jana, mbwa wangu Bosi alichomoka kwenye mnyororo, akashuka kwa kinjia cha mawe kinachopita nyuma ya nyumba yetu hapa Mabatini, jijini Mwanza, akamng'ata mtoto wa jirani mguuni. Jeraha lilikuwa dogo. Mama wa mtoto hakunigombeza, aliuliza tu, "Jirani, huyu mbwa ana chanjo?" Nilijibu kwa kujiamini kwamba anayo. Aliponiomba kadi niliitafuta ndani hadi nikaikuta chini ya risiti za LUKU, na hapo ndipo nilipoona kwamba tarehe ya kurudia chanjo ilikuwa imepita kwa miezi saba.

Tulikiosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba kwa dakika 15, kama inavyoshauriwa, kisha tukaenda hospitali usiku uleule. Kichaa cha mbwa hakina haraka, na hapo ndipo kinapowadanganya watu: dalili kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu kujitokeza, lakini zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo mtoto alianza sindano mara moja, kwa gharama yangu, nami nikaagizwa kumfungia Bosi na kumwangalia kwa siku kumi, kwa sababu mbwa aliyekuwa akitoa virusi kwenye mate siku aliyong'ata huwa ameugua au amekufa kabla ya muda huo kwisha. Kila alfajiri nilimwekea maji na kusimama pale nikitazama kama anameza.

Katika siku hizo nilijiuliza kwa nini nilikuwa na mbwa. Nilimchukua akiwa na miezi miwili, baada ya wezi kutuingilia, na kusema kweli nilimhesabu pamoja na kufuli na nondo za dirishani. Kufuli halina jirani. Kwenye milima yetu hii ya mawe nyumba nyingi hazina uzio, na ua wa mmoja ndio njia ya mwingine. Ile desturi ya kumfunga mbwa mchana kutwa na kumfungulia usiku inasahau kwamba akina mama wanaokwenda kuchukua samaki Mwaloni Kirumba hutoka nyumbani kungali giza. Tena mbwa anayeshinda kwenye mnyororo mfupi hujaa hasira na woga, na siku akichomoka humalizia yote kwa wa kwanza kukutana naye. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa, ingawa wengi wetu hatuuhesabu mnyororo kuwa mateso.

Chakula nisikizungumze sana. Ugali wa dona na dagaa unamtosha, mradi dagaa waoshwe vizuri, maana wale wa bei nafuu huwa wameanikwa mchangani.

Jambo linaloniudhi zaidi ni watoto wa mbwa wanaotupwa kando ya barabara ndani ya viroba. Mbwa jike hubeba mimba kwa takribani siku 63 tu, na mwenye jike asiyetaka watoto anaweza kumwita daktari wa mifugo amfunge kizazi mapema. Asipofanya hivyo, wale watakaonusurika ndio mbwa koko tutakaowalaumu baadaye.

Na jirani wa mbwa si binadamu peke yake. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi ndio waliohusishwa na chanzo chake. Nina ndugu Busega, magharibi mwa hifadhi hiyo, wanaochunga ng'ombe wakiwa na mbwa watatu, na siku hizi nikiwapigia simu huuliza habari za chanjo kabla ya habari za mvua.

Bosi alimaliza siku zake kumi akiwa mzima. Alichanjwa upya, na kadi yake sasa imebandikwa nyuma ya mlango. Nimemjengea banda lenye wavu, humo hutembea bila mnyororo. Mtoto alipona. Hata hivyo, akitumwa dukani hupitia upande wa pili wa lile jiwe kubwa, akiwa ameshika kokoto mkononi, nami sijathubutu kumwambia aitupe.