Heshima kwa mama wa mandazi

Saa kumi alfajiri, Kampala bado imelala, mama ameshawasha sigiri. Unga kilo 2, sukari robo kilo, hamira vijiko 2, maji ya uvuguvugu. Yakiwa ya moto sana hamira inakufa, unga hauumuki. Anaukanda mpaka uache kunata vidoleni, anaufunika saa nzima. Mafuta huyajaribu kwa kidonge cha unga: kikikaa chini, bado hayajapata moto, na andazi likitiwa hapo litakunywa mafuta, faida iende nayo. Serikali ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1997, lakini sare, madaftari na uji wa watoto hutoka kwenye karai hilo. Lililoungua ndilo analokula yeye. Mama, nakuheshimu mno.